Kidonda cha Miezi Saba

Nimezaliwa na ualbino, na riziki yangu ni kuanika ndagala kwenye mchanga wa Baraka, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika. Kazi hiyo haina kivuli: jua linalokausha samaki ndilo linalomchoma mwanikaji. Vita vya 1996 vilipotuvusha ziwa hadi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, huko nako foleni ya posho ilikuwa juani. Kofia pana niliipata nikiwa tayari bibi wa watu.

Tulikuwa tumerudi Baraka kidonda kilipoanza juu ya sikio la kushoto, pale kitenge cha kichwani hupenda kuteleza. Kigaga kigumu kama gamba la samaki. Nikikibandua, damu, baada ya siku chache kimerudi. Nilipakwa mizizi, nikafungwa bandeji kwenye zahanati moja miezi saba. "Kitakauka, mama," waliniambia kila mara. Majirani walisema nimerogwa, na hilo liliniuma kuliko kidonda chenyewe, maana maneno ya uchawi yametuandama watu kama mimi tangu utotoni.

Kisha akaja muuguzi kijana, naye hakukimbilia bandeji. Alipapasa kidonda, akakuta ukingo umeinuka na kukakamaa kama mdomo wa chungu. Akashuka shingoni na chini ya taya, akitafuta tezi.

"Mama, kina muda gani?"

Nikamwambia. Akanyamaza.

"Hiki si cha kufunga tena. Kikatwe kipande, kipimwe."

Munganga, yaani daktari, alikata kinyama kama punje ya mahindi, akakitia kwenye kichupa chenye formalini. Mwanangu alikibeba hadi Bukavu, amekibana mapajani huku lori likimrusha kwenye barabara ya Mboko na Makobola. Majibu yalichukua wiki tatu. Sijawahi kusali vile.

Ilikuwa saratani ya ngozi, ile ambayo jua huijenga polepole kwa miaka, na ambayo hutushika sana sisi tusio na melanini ya kutukinga. Tezi zilikuwa bado safi. Nilikatwa kidonda, na kipande cha sikio kikaenda nacho. Nauli na matibabu vilikula injini ya mtumbwi. Mwanangu bado anavua kwa kasia.

Moshi, Tanzania, hospitali ya KCMC inatengeneza losheni ya jua kwa ajili ya watu wenye ualbino. Natamani ivuke ziwa kama tulivyovuka sisi.

Siku hizi naanika alfajiri, saa tatu niko chini ya mwembe. Mjukuu wangu wa miaka minne, mweupe kama mimi, hukaa ubavuni pangu. Kofia yake nimeishonea kamba ya kitenge, naifunga chini ya kidevu mwenyewe.