Kufuli la Kabati na Mtoto Asiyejua Kusoma

Madarasa ya shule za msingi katika Kenya ni ya namna mbili, na mzazi yeyote aliyepata kuzitembelea shule hizo ameyaona yote mawili. La kwanza lina kuta tupu na kabati la mbao nyuma ya meza ya mwalimu, nalo limefungwa kwa kufuli. La pili ni maskini vile vile, sakafu yake ni ya udongo na madirisha yake hayana vioo. Lakini pembeni pametandikwa mkeka, na vitabu vya hadithi vimeanikwa juu ya kamba ya katani kama nguo zilizofuliwa. Kengele ikilia, watoto wa darasa la kwanza hutoka mbio. Katika lile la pili hapakosi watoto wawili watatu wanaobaki nyuma ili wamalize ukurasa. Wahenga walisema kweli: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Watu wengi hudhani ya kuwa tofauti hiyo ni ya fedha. Zamani dhana hiyo ilikuwa na msingi. Mwaka 2003, karo ya shule za msingi ilipoondolewa, watoto zaidi ya milioni 1 waliongezeka shuleni, na mahali pengi kitabu kimoja kilisomwa na watoto kadhaa waliobanana juu ya dawati moja. Uchunguzi wa Uwezo, ulioanza katika Kenya mwaka 2009, ulikuta mara kwa mara watoto wa madarasa ya juu wasioweza kusoma hadithi fupi ya Darasa la 2. Lakini mwaka 2015 mpango wa Tusome ulienea nchi nzima, nao ulikusudia kila mtoto wa madarasa ya chini awe na kitabu chake mwenyewe. Tangu hapo, katika shule nyingi, swali si kama vitabu vipo. Swali ni kama mkono wa mtoto unavifikia.

Si haki kumlaumu mwalimu mkuu kwa kufuli lile. Mali bila daftari hupotea bila habari, naye ndiye aliyetia sahihi katika daftari la vitabu. Mkaguzi akija na kukuta kitabu kimoja kimepotea, mwalimu mkuu huulizwa. Lakini vitabu mia vikikaa kabatini mwaka mzima bila kufunguliwa, hesabu hutimia, wala hakuna aulizaye neno. Basi mtu mwenye busara atafanya nini? Atafunga. Karani yeyote aelewa jambo hili, na mkulima alielewa pia: jembe linalong'aa kama siku liliponunuliwa ni ushahidi ya kuwa shamba halikulimwa.

Ufumbuzi wake si kuacha hesabu, bali ni kuigawa. Darasa na liwe na daftari la kuazima, na mtoto mwenyewe aandike humo jina lake, jina la kitabu na tarehe. Pengine mara hiyo ndiyo ya kwanza katika maisha yake kuandika jina lake kwa sababu ya maana, wala si kwa zoezi tu. Kisha halmashauri ya shule, ambayo wazazi wana wajumbe wao humo, ikubaliane waziwazi ya kuwa kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kimefanya kazi yake, wala si deni la mwalimu. Neno hilo likiandikwa katika kumbukumbu za mkutano, kufuli litafunguka upesi kuliko kwa hotuba nyingi.

Yeyote anayeogopa kwamba vitabu havitarudi na akumbuke Garissa. Mwaka 1996 shirika la maktaba la taifa lilianza huko kupeleka vitabu kwa ngamia katika vijiji vya wafugaji. Masanduku ya vitabu yalivuka mchanga na jua kali, yakafunguliwa, na watoto wakaazima. Ikiwa kitabu kiliweza kumfuata mtoto kwa mgongo wa ngamia, ni aibu kishindwe kutoka kabatini hadi kwenye mkeka, mwendo wa hatua kumi.

Kuta nazo zina kazi yake. Mahali pengi chati zote zimeandikwa na mwalimu, tena zimetundikwa juu mno. Yafaa maandishi yawe mbele ya macho ya mtoto, na mengi yawe ya mtoto mwenyewe. Mwalimu aweza kuuliza habari kila asubuhi. Mtoto mmoja husema, “Ng'ombe wetu amezaa usiku.” Mwalimu huyaandika maneno hayo ubaoni kama yalivyosemwa, mtoto huyanakili juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, na karatasi hiyo hubandikwa ukutani kwa uji wa unga wa ngano. Kesho yake mtoto humvuta rafiki yake amsomee habari ya ndama. Katika miaka ya kwanza habari hizo ziwe katika lugha ya mahali, kama tume ya Gachathi ilivyoshauri mwaka 1976, kwa maana hakuna aandikaye vizuri jambo asiloweza kulisema. Wala zisibandikwe kazi za watoto hodari peke yao. Yule wa mwisho ndiye mwenye haja zaidi ya kuona jina lake ukutani.

Jambo hili si pambo. Kila kijiji kina mtu mzima anayebeba barua ya shamba lake kwenda kusomewa na mwingine, na siri ya nyumba yake hujulikana kabla yeye mwenyewe hajaijua. Mtu huyo alikuwa mtoto zamani, na huenda alikaa miaka mitatu au minne karibu na kabati lililofungwa.

Kwa hiyo mzazi akienda shuleni muhula huu, asiishie kuuliza alama za mtihani. Aombe kwa heshima kuingia darasani, aketi juu ya mkeka ikiwa upo, na kama haupo ajitolee kuuleta. Kisha amwambie mtoto wake amwonyeshe kitabu alichokisoma juma lililopita.