Sadaka Iliyobaki Mfukoni

Ndugu msomaji, ulimi hauna mfupa, lakini huweza kumvunja mtu mzima. Nalieleza kosa langu hapa ili likufae wewe uliye kambini na wewe uliye nyumbani.

Mjane wa askari polisi alifika ofisini kwetu mara ya tatu kuulizia jalada la kiinua mgongo cha marehemu mumewe. Jalada halikuonekana. Mbele yake na mbele ya makarani wote nilimgeukia mzee wa masijala, aliyekuwa sajini kabla mimi sijajua kusoma, nikamwambia kwamba yeye huficha majalada ili apewe hongo. Mzee hakujibu. Tangu siku ile hatukusalimiana.

Wiki mbili baadaye, nikipanga mtoto wa meza yangu, nililikuta jalada lile chini ya daftari la mishahara. Ni mimi niliyeliweka pale. Nililishughulikia siku iyo hiyo, mjane akapelekewa habari. Lakini juu ya mzee nilijiambia kwamba yaliyopita yamepita.

Jumapili, kapu la sadaka liliponifikia, nilikumbuka agizo la Yesu katika Mathayo 5, mstari wa 23 na wa 24: anayekumbuka kwamba nduguye ana neno juu yake, na aiache sadaka, akapatane naye kwanza. Nikalipitisha kapu, sadaka yangu ikabaki mfukoni.

Jumatatu nilimwendea mzee faraghani, nikamwomba radhi. Yeye ni Mwislamu, alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mwanangu, nimekusamehe. Lakini mke wangu huulizwa sokoni kama mumewe ni mwizi. Ulinivua nguo barazani, nawe wanifunika chumbani?"

Neno hilo lilinichoma. Marehemu mama yangu alikuwa Mlokole, wa uamsho ule ulioenea Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, ambao wafuasi wake huungama makosa yao waziwazi mbele ya wenzao. Utotoni nilimwonea haya alipofanya hivyo. Sasa nilimfahamu.

Saa ya chai niliwakusanya makarani, nikakiri kwamba jalada lilikuwa kwangu na mzee hana hatia. Jioni nilikwenda kwa yule mjane nikamwambia maneno yayo hayo. Mzee hakunikumbatia. Kesho yake alinisogezea kiti, akanimiminia chai.

Wako wasemao kwamba mkubwa akiomba radhi nidhamu huvunjika. Kwetu haikuwa hivyo. Makarani walianza kuniletea makosa yao mapema, kabla hayajaharibu kazi, kwa kuwa walikwisha kuona kwamba kosa laweza kusemwa.

Basi wewe mwenye tepe uliyemtweza askari wako kwenye gwaride, nawe baba uliyemtukana mkeo mbele ya watoto, usitosheke na radhi ya pembeni. Msamaha na uende mpaka pale tusi lilipofika.