Wilaya Iliyofutwa

Mipaka ya wilaya ni jambo ambalo watu wengi hawalifikirii mpaka siku inapohamishwa. Mtu hulala akiwa mwananchi wa boma hili, akaamka na kuambiwa kwamba mambo yake sasa yanaamuliwa katika boma jingine. Mimi nimekulia katika kijiji kilichobadilishiwa wilaya mara mbili, na marehemu baba alizoea kusema kwamba serikali ikihama, njia ya miguu huzidi urefu. Labda ndiyo sababu nimekuwa mpenzi wa historia za wilaya ndogo ndogo, hata za nchi ambazo sina ndugu huko. Hebu, msomaji, tuitazame moja ya Ufaransa, iliyoitwa Bourganeuf.

Kwanza tuelewane kuhusu ngazi za utawala. Mapinduzi ya Ufaransa yalipoanza mwaka 1789, nchi ilikuwa mchanganyiko wa majimbo ya kale, kila moja na desturi zake, kodi zake na upendeleo wake. Mwaka 1790 wanamapinduzi waliyavunja yote wakaunda mikoa 83. Waliipa majina ya mito na milima, ili majina ya mabwana wa zamani yasahauliwe. Kipimo chao kilikuwa rahisi: mwananchi aweze kufika makao makuu ya mkoa kwa mwendo wa siku moja juu ya farasi. Mmojawapo wa mikoa hiyo ni Creuse, katikati ya nchi, ulioitwa kwa jina la mto wake. Chini ya mkoa zikawekwa tarafa, na kila tarafa ikapewa hakimu wa amani, aliyesuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba na madeni madogo bila watu kusafiri mbali. Mahakimu hao walidumu mpaka mwaka 1958.

Mwaka 1800 Napoleon Bonaparte akaongeza ngazi ya wilaya kati ya mkoa na tarafa, akamweka mkuu wa mkoa na, chini yake, wakuu wa wilaya. Creuse ikapata wilaya nne: Guéret, Aubusson, Boussac na Bourganeuf. Hii ya mwisho ilikuwa na tarafa nne: Bourganeuf yenyewe, Bénévent, Pontarion na Royère. Ni nchi ya vilima, mawe, misitu na malisho, isiyo na rutuba kubwa.

Lakini msidhani kwamba udogo ni sawa na kutokuwa na historia. Katika mji wa Bourganeuf upo mnara uliojengwa katika karne ya 15 kwa ajili ya mfungwa wa kifalme, Cem, ndugu yake Sultani Bayezid wa Pili wa Uturuki, aliyeshindwa kugombea kiti cha ufalme akaangukia mikononi mwa mashujaa wa Mtakatifu Yohana. Mji huo huo uliwashwa taa za umeme barabarani mwaka 1886, wakati miji mingi mikubwa kuliko huo ikiwa bado gizani.

Mali kubwa ya wilaya hii, hata hivyo, ilikuwa mikono ya watu wake. Kwa kuwa ardhi haikuwatosha, wanaume walikwenda Paris kila majira ya kuchipua kufanya kazi ya uashi, wakarudi majira ya baridi na akiba yao. Wanawake walibaki kulima na kulea. Martin Nadaud, aliyezaliwa mwaka 1815 katika kijiji cha Soubrebost karibu na Bourganeuf, aliondoka na baba yake mwaka 1830, angali kijana mdogo. Alibeba chokaa na mawe, akajielimisha, akawa mbunge mwaka 1849, akaishi uhamishoni Uingereza chini ya Napoleon wa Tatu, na baadaye akarudi kuwa mkuu wa mkoa wake mwenyewe wa Creuse. Mwana wa mwashi kukalia kiti cha mkuu wa mkoa! Mimi naona kwamba hapo kazi ya mwaka 1790 ilizaa tunda.

Kisha waashi wakaanza kutorudi. Reli ilirahisisha safari, na Paris ikawapa makao. Mkoa wa Creuse ulikuwa na watu wapatao 287,000 mwaka 1851. Leo wako kama 115,000. Mwaka 1926 serikali ya Poincaré, ikitafuta kubana matumizi, ilifuta wilaya 106 nchini kote, na Bourganeuf ikawa mojawapo, pamoja na Boussac. Zikabaki Guéret na Aubusson. Sheria ya mwaka 2013 nayo ilizigusa tarafa: kuanzia uchaguzi wa mwaka 2015, kila tarafa humchagua mwanamume mmoja na mwanamke mmoja kwa pamoja, na tarafa za Creuse zikapunguzwa kutoka 27 hadi 15. Kati ya zile nne za wilaya ya kale, jina lililosalia ni Bourganeuf peke yake.

Nikiwaza haya, naona vipimo vitatu. Mwaka 1790 kipimo kilikuwa mwendo wa farasi, yaani mwananchi. Mwaka 1926 kilikuwa fedha. Mwaka 2013 kilikuwa hesabu ya vichwa, ili kura ya mtu mmoja isizidi uzito wa nyingine. Vipimo vyote vina haki ndani yake, wala siwezi kukilaumu hata kimoja. Tena amri haikuwafukuza watu. Ilifuata nyayo za waliokwisha kuondoka. Ila afisi ikifungwa, haiondoki peke yake. Huondoka na karani, wakili na mwenye mkahawa, na anayebaki ni bibi kizee asiye na gari, ambaye kwake farasi wa mwaka 1790 bado ndicho kipimo cha haki.

Sheria hizo hizo sasa ziko pia kwa jirani zetu wa Mayotte, kisiwa kilichofanywa mkoa wa Ufaransa mwaka 2011. Popote kalamu inapopita juu ya ramani, iwe Ulaya au kwetu, ningependa anayeishika aulize kwanza: yule wa mwisho kijijini atafikaje afisini, na jioni atarudije nyumbani?