Mzito wa hesabu za kichwa

Maharusi wengi mmeniuliza habari za mirathi, mume anapata nini na mke anapata nini. Leo nitawapa kisa kimoja tu, cha mdogo wangu.

Nyumbani anajulikana kuwa hesabu zinampiga chenga. Mpeleke Darajani, muuza samaki akimtajia bei ya mafungu matatu, atasimama kwanza. Skuli mwalimu alimwambia mbele ya wenzake kuwa hisabati si yake. Ami yetu ni kinyume chake. Ana duka, na jumla ya vitu kumi anayo kabla hujafungua pochi. Mashaallah, ni kipaji, wala simdharau.

Khalati alipofariki hakuacha mtoto, na wazazi walishatangulia. Aliacha mume na ndugu wawili wa kike, baba mmoja mama mmoja: mama yangu na mwenzake. Baada ya maziko na madeni zilibaki shilingi 4,200,000. Ami akazigawa papo hapo, kwa kichwa. Mume nusu, 2,100,000. Inayobaki dada wagawane, 1,050,000 kila mmoja. Watu wakaanza kuinuka.

Mdogo wangu akauliza, dada wawili si wana thuluthi mbili? Akaambiwa anyamaze, yeye hata chenji hajui. Akachukua daftari, akakaa jikoni mpaka isha. Nusu ni mafungu matatu katika sita. Thuluthi mbili ni manne katika sita. Jumla saba, na mali ni sita tu! "Haitoshi," akaniambia, "basi wote wapunguziwe kwa kadiri ya haki zao, si dada peke yao."

Kesho yake shehe akamsikiliza, akatabasamu. Hiyo inaitwa aul, akasema, imefanyiwa kazi tangu zama za Sayyidna Umar. Sita inageuzwa saba: mume mafungu 3, kila dada 2. Yaani mume 1,800,000 na kila dada 1,200,000. Mama aliongezewa 150,000, na mume wa khalati, Allah amlipe kheri, hakununa.

Ami hakukosea kugawa kwa mbili. Alichokosa ni kusita. Wepesi wa kichwa unakuja kwa mazoezi, na simu yako inamshinda hata yeye. Kuona kwamba mafungu hayaingii ni kazi nyingine kabisa. Maryam Mirzakhani wa Iran, mwanamke wa kwanza kupata Nishani ya Fields, mwaka 2014, mwenyewe alisema ni mtu wa kufikiri polepole. Utotoni kuna mwaka hisabati ilimwendea vibaya, na mwalimu wake hakumwona kuwa na kipaji.

Mdogo wangu amerudi kwenye hisabati. Muda wa mtihani bado humwishia kabla hajafika swali la mwisho, na hilo linaniuma. Matokeo tunayasubiri.