Siki na Johari ya Kisu

Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu zangu Waislamu, nataka kukusimulieni jambo lililonipata mimi mwenyewe hapa Ruponda, huenda likamfaa mwenye kuzingatia.

Marehemu baba yangu aliniachia kisu cha kuchinjia. Alikinunua Lindi kwa baharia mmoja wa jahazi la Kiarabu, kabla mimi sijazaliwa. Bapa lake lilikuwa na michoro kama mawimbi madogo ya maji yanayopigwa na upepo. Kila Idi ya Kuchinja nilikitoa, na kila nikikitoa nilimkumbuka baba yangu na kumwombea.

Mwaka mmoja, zikiwa zimebaki siku chache tu kufika Idi, nilikivuta kwenye ala nikakikuta cheupe kitupu, kama kijiko kipya. Mjukuu wangu alikuwa amekisugua kwa msasa. Nilimwita mbele ya wanafunzi wenzake chuoni, nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, na fimbo nikainua. Mtoto akasema, “Babu, kilikuwa na kutu, nilitaka ukikute safi.” Sikumsikiliza. Akaondoka kwenda kwa mama yake, na siku tatu hakuja kusoma.

Nilikichukua kisu kwa mhunzi wetu, mzee anayefua majembe kwa springi za malori. Alikigeuzageuza kwenye jua, akatabasamu. “Maalimu, michoro haijaenda popote. Nipe siki.”

Akakiosha kwa sabuni na jivu, kwani penye mafuta siki haishiki. Akaipasha siki moto kidogo, akaitia katika bakuli la udongo na kulitumbukiza bapa. Baada ya kama robo saa akalitoa, limekuwa la kijivu. Akafuta ule weusi kwa kitambaa, akalirudisha. Mara ya tatu, wallahi, niliyaona mawimbi ya baba yangu yakijitokeza moja baada ya jingine. Kisha akalisuuza kwa maji ya magadi ili kuua ukali wa siki, akalikausha, akayanoa makali na kulipaka mafuta ya nazi. Akaniambia kuwa hata ndimu hufanya kazi hiyo. Lakini alinionya nisikilaze kisu ndani ya siki usiku kucha, maana siki italiwa na tamaa yangu: itakula makali na kuacha vishimo. Wala nisithubutu kutumia maji ya betri, yanayounguza ngozi na macho.

Jambo hili si geni kwetu. Nani hapa kwetu hajaona kisu kikigeuka cheusi baada ya kukata mabibo au maembe mabichi? Lakini siki haichori kitu. Kazi yake ni kula sehemu moja ya chuma upesi kuliko nyingine. Katika vyuma vya kale vya namna hii, chembe ngumu zenye kaboni nyingi hubaki zikimeta, na penginepo pakaingia weusi. Katika vile vinavyofuliwa siku hizi kwa kuunganisha vyuma viwili na kuvikunja, chenye nikeli ndicho kinachobaki kikimeta. Mchoro uliwekwa na moto na nyundo zamani. Siki huudhihirisha tu.

Wanavyuoni wetu waliyajua hayo. Al-Kindi, katika karne ya 9, alimwandikia Khalifa Al-Mu'tasim risala nzima juu ya panga na aina zake. Al-Idrisi naye, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1154, alitaja chuma cha Sofala, kusini mwa pwani yetu hii, kilivyochukuliwa na wafanyabiashara kupelekwa India. Na michoro hiyo Waarabu waliiita jauhar, neno lile lile tulisemalo sisi johari, nalo lina maana pia ya asili ya kitu.

Hapo ndipo nilipoingiwa na haya. Kisu kilisuguliwa, kikatiwa siki, kikatoa johari. Mimi nilitiwa tone moja tu la siki, kosa la mtoto aliyetaka kunifurahisha, nikatoa nini? Ghadhabu. Na miaka yote nimewasomesha watoto kuwa Mtume (S.A.W.) alitufundisha kwamba mwenye nguvu si yule awaangushaye watu kwa mieleka, bali ni yule aimilikiye nafsi yake anapokasirika. Kilemba na jina la ushekhe yalikuwa mng'aro wa juu.

Nilikwenda kumchukua mjukuu wangu. Kwa kuwa nilimvunjia heshima mbele ya wenzake, nilimwomba radhi mbele ya wenzake vile vile. Siku ya Idi yeye ndiye aliyenikabidhi kisu, na baada ya kuchinja yeye ndiye aliyekiosha na kukipaka mafuta.

Ndugu yangu, siki ya dunia haina budi kukufikia, nyumbani au sokoni. Itengeneze johari yako mapema, maana siku hiyo haitachorwa, itaonekana tu.

Wabillahi tawfiq.