Mathe Ameenda Leba

Ukipita Lavington na matatu ya 46 huwezi kujua kuna ofisi ngapi mle ndani. Hazina mabango. Ni nyumba za zamani za vyumba vinne, geti jeusi, mlinzi na daftari lake la wageni, na nyuma ya hilo geti kuna kampuni ya matangazo au studio ya podkasti. Mimi nilifanya kazi kwenye moja ya hizo nyumba, karibu na James Gichuru Road, nikihariri video kwa shilingi 65,000 kwa mwezi. Sitaitaja. Ukiwahi kuajiriwa mahali kama hapo unaijua tayari: mashine ya kahawa, mbwa wa bosi, na ile hotuba ya "sisi ni familia" ambayo huja tarehe 30, siku ambayo pesa haiji.

Julai 2023 hatukulipwa. Agosti, vilevile. Septemba, hewa. "Mteja hajatulipa," bosi akasema, na akasema kwa huzuni hadi ukataka kumpa pole. Lakini Sheria ya Ajira ya 2007 haimjui mteja. Aliyeajiriwa kwa mwezi analipwa mwezi ukiisha, na mwajiri anayekataa kulipa anaweza kupigwa faini ya hadi shilingi 100,000 au kifungo cha hadi miaka 2, au vyote viwili. Mimi sijawahi kuona bosi wa Lavington akipelekwa ndani kwa hilo, lakini imeandikwa.

Sisi vijana wa ofisi tulikuwa na grupu ya WhatsApp ya kulalamika. Stika kali sana humo. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kwenda mbele, maana Nairobi ya watu wa video ni ndogo, na simu moja ya bosi inaweza kukufungia milango mitano.

Wa kwanza akawa Mathe. Ndivyo tulivyomwita mama aliyesafisha ofisi na kutupikia chai. Alikuwa akitembea kutoka Kawangware kila asubuhi, na Septemba mwenye nyumba akapiga kufuli mlango wake, sufuria na sare za watoto zikiwa ndani. Hakuwa na nafasi ya kungoja mteja wa mtu. Alishuka hadi Kituo cha Sheria, pale Ole Odume Road. Hao wamekuwa wakisaidia wanyonge tangu 1973 kwa mambo ya ardhi, nyumba na kazi. Wakamweleza aanzie leba. Akanigeukia: "Kijana, wewe unajua Kizungu cha karatasi. Twende."

Nilidhani mambo yataishia kwa swali la kwanza la afisa: "Mama, mkataba uko wapi?" Hakuwa na mkataba. Hakuwahi kupewa hata payslip. Alikuwa na simu tu. Kumbe hapo ndipo sheria inaegemea upande wa mfanyakazi kuliko wengi wetu tunavyojua. Kazi ya miezi 3 au zaidi inahitaji mkataba wa maandishi, na kuuandika ni jukumu la mwajiri. Asipoweza kuuonyesha, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha makubaliano unamwangukia yeye. Na ile simu ilikuwa na M-Pesa ya kila mwezi, shilingi 10,000, kutoka namba ya bosi, jina lake kamili likionekana. Tulitoa taarifa ya mwaka mzima. Ilikuwa payslip safi kuliko yangu.

Halafu afisa akachukua kalkuleta. Wakati huo kima cha chini cha mshahara kwa msafishaji Nairobi kilikuwa shilingi 15,201.65, tangu Mei 2022. Ongeza asilimia 15 ya nyumba, kwa kuwa hakupewa pa kulala. Jumla, 17,481.90 kwa mwezi. Mathe alikuwa ameanza kazi Oktoba 2022: miezi 9 alilipwa pungufu, miezi 3 hakulipwa kabisa. Alikuwa ameenda kudai 30,000. Karatasi ilisema 119,782.80.

Akaisoma mara mbili. "Hii ni yangu?" Afisa akamjibu, "Ni yako, mama, lakini bado haujaishika."

Bosi hakuja siku ya kwanza aliyoitwa. Ya pili alimtuma mhasibu, akaja na ofa: 40,000, waisahau hii story. Mimi hapo ningetetemeka, kodi ni kodi. Mathe alikaa kimya muda mrefu, mkoba magotini, kisha akasema watoto wake pia walikuwa wanajua kuhesabu. Walikubaliana 95,000 kwa awamu tano, kwa maandishi. Nne zimeingia. Ya tano, mhasibu hashiki simu.

Sisi wengine tulifuata, watatu kati ya saba. Dai langu lilikuwa 195,000, na leba bosi hakutuma hata mhasibu. Kwa hiyo korti. Watu hudhani kesi ya mshahara lazima iende Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, lakini tangu 2018 mahakimu waliochapishwa kwenye gazeti la serikali wanasikiza kesi za waliokuwa wakipata hadi shilingi 80,000 kwa mwezi. Unafungua Milimani kwa mtandao, huku umekaa kitandani. Usilale sana tu: una miaka 3, baada ya hapo dai limekufa hata kama bosi amekiri kwa WhatsApp na emoji ya mikono ya kuomba.

Nilishinda. Bosi hakujitetea, hukumu ikatoka. Wiki hiyo nilinunua nyama.

Kisha dalali akaenda Lavington kushika mali, na tukajua kampuni inamiliki nini hasa. Kamera zilikuwa za kukodi. Taa pia. Gari lina jina la mtu mwingine, na nyumba ni ya landlord ambaye, nasikia, naye anadai. Kilichobaki ni mashine ya kahawa, viti na mbwa. Wakili sasa anataka korti iagize benki itulipe kutoka akaunti ya kampuni, kama kuna kitu mle. Ombi liliingia Jumatatu.