Pikipiki Ikilala Mbele za Watu

Ndugu msomaji, kuanguka na pikipiki kuna namna mbili. Lipo anguko la mwendo mkali, ambalo watu hulikimbilia kwa hofu huku wakimtaja Mwenyezi Mungu. Na lipo anguko jingine, ambalo hutokea chombo kikiwa kinakwenda mwendo wa mtu wa miguu, au kimesimama kabisa. Hilo la pili haliwatii watu hofu, bali huwachekesha. Mwenye chombo huinuka akiwa mzima, lakini uso wake humwaka kama aliyepigwa kofi, na pole anayopewa huambatana na kicheko kilichofichwa kiganjani. Leo tunataka kulizungumza hilo la pili, kwa sababu katika nyumba yetu lilitugharimu kuliko tulivyodhani.

Sisi wakazi wa Kigoma na Ujiji twaishi na pikipiki kama wazee wetu walivyoishi na mitumbwi. Ndizo zitupelekazo Mwanga sokoni, Gungu na Mwandiga. Ndizo zipandishazo dagaa kutoka mwaloni Kibirizi na kuteremsha abiria hadi stesheni, mahali reli ya kati inapokomea. Nao mji wetu haukutandikwa sawasawa kama mkeka. Kutoka stesheni kwenda Mwanga ni kupanda kilima. Mchanga wa ufukweni huimeza stendi ya pikipiki mwenyewe akiwa bado anafunga mzigo. Msimu wa mvua ukifika, kingo za mitaro humomonyoka, na mguu uliozoea kutua hapo hukosa pa kukanyaga.

Wengi hudhani kuwa anayeanguka taratibu hajui kuendesha. Mara nyingi sivyo. Pikipiki iliyo katika mwendo hujisaidia yenyewe: ikiinamia upande mmoja, gurudumu la mbele hugeukia upande huohuo na kuirudisha wima. Mwendo ukipungua mno, msaada huo huondoka, na kazi yote hubaki kwa mguu mmoja wa dereva na kiganja chake kilichoshika klachi. Pikipiki nyingi tunazoziona mjini hapa zina uzito wa kilo 110 hadi 130 zikiwa tupu. Ongeza dumu la mawese la lita 20, ambalo peke yake ni kilo 18 na zaidi, lililofungwa upande mmoja, nawe umepata chombo kinachosubiri sababu ndogo tu. Breki ya mbele ikibanwa ghafla huku usukani umekatwa, au mguu ukikanyaga shimo, chombo huinama. Na kikishapita kiasi cha kuinama, hakuna paja la mwanadamu litakalokizuia. Hulala kwa kijana aliyejifunza jana, na hulala kwa mzoefu wa miaka 20.

Ndivyo ilivyomfika kaka yetu mkubwa. Yeye husomesha watoto madrasa hapa Ujiji, na ni mtu anayeheshimiwa mtaani. Alikuwa amenunua mnadani pikipiki kubwa, nzito kuliko zile za bodaboda, kwa ajili ya safari zake za Mwandiga. Alasiri moja alirudi kutoka huko na dumu la mawese la matumizi ya nyumba, akiwa amevaa kanzu nyeupe, akataka kuiwahi swala ya jamaa. Alipofika mlangoni mwa msikiti alisimamisha chombo, akashusha mguu wa kulia, na mguu ukakuta ukingo wa mtaro umekwisha kuliwa na mvua. Pikipiki ikamlalia. Dumu likapasuka, mawese yakaichafua kanzu tangu kifuani hata miguuni.

Walikuwapo wazee waliokuwa wakitia udhu, na walikuwapo wanafunzi wake. Watoto ni watoto. Mmoja alicheka, na wote wakamfuata. Kijana mmoja alikwisha kuitoa simu yake kupiga picha, lakini mzee mmoja muuza samaki akamshika mkono na kumwambia airudishe mfukoni. Watu wakasogea kusaidia. Kaka yetu akawazuia. Akasema, "Sijaumia, sijaumia," akaivuta pikipiki kwa nguvu za mgongo, akaiwasha, akaondoka zake bila ya kuswali.

Nyumbani alisema kuwa dumu limemwagika njiani. Alibadili kanzu, akaketi, akanyamaza. Siku zilizofuata hakwenda msikitini wala madrasa. Alisema ana mafua. Hatukujua kuwa mguu wake ulibanwa chini ya ekzosi iliyokuwa bado moto, na kwamba ngozi ya ndani ya shina la mguu ilikuwa imeungua. Aliipaka dawa ya meno kwa siri na kuifunika kwa kitambaa. Mkewe ndiye aliyeligundua jambo hilo siku ya sita, alipomwona akitayammamu mguu mmoja tu haukunjuki. Kidonda kilikuwa kimekwisha kuoza ukingoni, na kiuno kilikuwa hakimruhusu kuinama. Shemeji yetu hakupiga kelele. Alituita sisi wadogo zake, tukamchukua hadi zahanati.

Mganga alisema neno ambalo hatujalisahau. Alisema kuwa jeraha la moto hutaka maji safi, ya baridi ya kawaida, yanayotiririka, kwa muda wa dakika 20 tangu mtu alipoungua. Wala halitaki dawa ya meno. Maji yalikuwapo pale pale msikitini, kwenye bomba la udhu, hatua chache kutoka alipoangukia. Kilichomzuia kuyafikia hayo maji hakikuwa maumivu. Zilikuwa zile nyuso.

Kwa muda wa juma zima tulikaa naye barazani jioni, sisi na mama yetu, tukilitafakari jambo hilo. Kaka alijitetea kwamba mtu mwenye haya hawezi kufurahia kuonwa katika hali ile. Mama akamwambia, "Mwanangu, haya ni ya mtu anayetaka kutenda ubaya akajizuia. Wewe ulitenda ubaya gani? Na wale waliokucheka walikwenda kula chakula chao cha usiku wakasahau. Wewe peke yako ndiye uliyebaki pale mlangoni hadi leo."

Sisi tulilishika neno la mama. Haya humtangulia mtu, ikamkinga na ovu. Soni ya aliyeanguka huja nyuma, wakati hapana ovu la kukinga, na kazi yake ni kumharakisha tu: ainuke kabla hajapata pumzi, akane maumivu, awakimbie watu ambao wangemfaa. Tukaona kuwa pikipiki ilimlalia kaka yetu kwa nusu dakika, lakini soni ilimlalia siku sita.

Tukarudi pia katika mambo tuliyosomeshwa tangu utotoni, tukaona tulilokuwa tukilipita haraka. Anas bin Malik (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alianguka kutoka juu ya farasi, akachubuka upande wake wa kulia. Masahaba wakaenda kumzuru, na wakati wa swala ulipoingia aliwaswalisha hali ya kuwa ameketi. Yazingatie mambo hayo, ndugu msomaji. Aliyeanguka hakujificha. Waliosikia walikwenda kumjulia hali. Wala swala ya jamaa haikuachwa. Iliswaliwa kwa kuketi, mbele ya macho ya wote. Imepokewa vilevile na Abu Daud kwamba mnyama aliyempanda Mtume alijikwaa, na sahaba aliyekuwa nyuma yake akamwapiza shetani. Mtume akamkataza, akamfahamisha kuwa maneno hayo humfanya shetani ajione mkubwa mfano wa nyumba, ilhali kulitaja jina la Mwenyezi Mungu humdogosha hata awe kama nzi. Sisi tumeona madereva wanaoipiga teke pikipiki iliyowaangusha na kuutukana mtaro. Matusi hayo huikuza ile aibu, na hayainui chochote.

Basi tuseme na yanayofaa kutendwa, kwa kuwa nasaha isiyo na njia ni nusu. Chombo kikikulalia, jambo la kwanza ni kuzima injini na kuutoa mguu mbali na ekzosi. La pili ni kutazama kama petroli inavuja, na kumwondoa karibu mwenye sigara. La tatu ni kutulia. Sema Bismillahi, uvute pumzi, ujikague mikono na miguu. Aliyeshtuka hasikii maumivu hapo hapo. Kama imelalia kulia, ifungue kwanza stendi ya pembeni, usije ukaiinua ikaangukia upande wa pili. Ingiza gia ili gurudumu lisibingirike. Kisha igeuzie mgongo, uchuchumae ukiegemea kiti, mkono mmoja ushike usukani na mwingine chuma cha nyuma, uinuke kwa nguvu za mapaja huku ukirudi nyuma kwa hatua ndogo. Anayeinama na kuivuta kwa kiuno huyanunua maradhi ya mgongo. Na bora ya yote hayo ni kuikubali mikono ya watu. Anayesema "Nisaidieni" hapungukiwi kitu.

Ama sisi tunaotazama, mzigo wetu si mdogo. Sura ya Hujurat, katika aya ya 11, imekataza watu kuwadharau watu wengine, ikakumbusha kuwa huenda wanaodharauliwa ni bora kuliko wao. Kicheko cha ghafla humtoka mtu bila ya kukusudia, na watoto hatuwezi kuwafunga midomo. Lakini kinachofuata baada ya kicheko tunakimudu. Simu ibaki mfukoni, maana picha iliyorushwa haina mlango wa kurudia. Mmoja ashike usukani, mwingine amshike mwenyewe. Asiulizwe imevunjika nini kabla hajaulizwa ameumia wapi. Na akisema hakuumia, aambiwe kwa upole aketi kivulini japo dakika tano. Wanawake wa nyumbani nao watazame kanzu na suruali zinazofuliwa. Mume au mwana aliyerudi kimya, akavaa nguo ndefu katika joto la Ujiji, aulizwe kwa siri, wala asifanyiwe mzaha mezani.

Kaka yetu alipona baada ya muda, kwa rehema za Mwenyezi Mungu, ingawa kovu limebaki. Siku aliyorudi madrasa alikuta watoto wamekaa kimya kupita kawaida, kila mmoja akiutazama msahafu wake asithubutu kuinua uso. Walikuwa wakiogopa fimbo. Yeye aliipandisha kanzu kidogo, akawaonyesha kovu, akawaeleza namna alivyoanguka, na namna alivyoyapita maji yaliyokuwa hatua chache tu. Kisha akawauliza: mwenzenu akianguka na baiskeli hapo mlangoni, mtafanya nini? Yule aliyecheka wa kwanza ndiye aliyeinua mkono. Akasema, "Nitamshikia baiskeli, ustadhi, kisha nitampeleka bombani."